Askari wa Akiba Aliyepata Kuwa Jemadari

Maneno yangu ya leo yawahusu hasa vijana walio katika madarasa ya juu, pamoja na wazazi wao. Vijana wengi wanaotamani kuwa maafisa wa jeshi huuliza hivi: Je, yafaa kuingia katika jeshi la akiba nikiwa bado kijana, kabla sijafikiria cheo? Je, miaka hiyo ni faida, ama ni kupoteza wakati? Swali hili si dogo, maana afisa hupewa amana asiyopewa fundi wala karani. Hupewa maisha ya watu.

Kwanza tufahamu maana ya jina. Jeshi la akiba ni jeshi la raia. Askari wake hakai kambini siku zote. Ana kazi yake au masomo yake, naye hufundishwa nyakati za jioni, na siku za mapumziko, na pengine majuma machache ya kambi kila mwaka. Nchi ikipatwa na hatari, huitwa. Kama vile mkulima mwenye busara awekavyo nafaka ghalani wakati wa mavuno, ndivyo nchi iwekavyo akiba ya watu waliokwisha kufundishwa.

Sasa, badala ya kulijibu swali kwa maneno matupu, nitawasimulieni habari za mtu mmoja wa Australia, jina lake John Monash.

Monash alizaliwa mjini Melbourne tarehe 27 Juni 1865. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia huko kutoka Prussia, na baba yake alikuwa mwenye duka. Shuleni alikuwa hodari sana, hasa katika hesabu. Lakini alipoingia chuo kikuu mwaka 1882 aliacha kuhudhuria mafundisho, akapenda kukaa maktaba na kwenda kutazama michezo ya kuigiza. Mwisho wa mwaka alishindwa katika mtihani. Nawaambieni haya ili mjue kwamba nidhamu hakuzaliwa nayo, alijifunza.

Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 19, aliingia katika kombania ya wanafunzi wa chuo kikuu, iliyokuwa sehemu ya jeshi la akiba la Victoria. Hakuingia akiwa afisa. Alianza chini kabisa, akashika bunduki na kusimama mstarini pamoja na wenzake, akaamriwa akatii. Baadaye alipewa cheo cha sajini. Kombania ile ilivunjwa mwaka 1886, lakini yeye hakukata tamaa. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 21, alifanywa luteni katika kikosi cha akiba cha mizinga mikubwa, ambayo kazi yake ilikuwa kulinda pwani na bandari.

Wahenga husema, samaki mkunje angali mbichi. Ile miaka mitatu ya ujana ilimkunja Monash. Lakini sikilizeni sana yaliyofuata, maana hapa ndipo vijana wengi wanapochoka. Alikuwa luteni mwaka 1887, akawa kapteni mwaka 1895, akawa meja mwaka 1897. Akabaki meja, mkuu wa kikosi kimoja cha mizinga, muda wa miaka kumi na mmoja. Mwaka 1908 akawa luteni kanali, na mwaka 1913 akawa kanali. Tangu alipoingia mpaka vita ilipoanza ni miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuona vita hata siku moja.

Wala hakuishi kwa mshahara wa jeshi. Mama yake alikufa mwaka 1885, na Monash akaacha masomo kwa muda ili afanye kazi katika ujenzi wa daraja kubwa la Melbourne. Baadaye alijenga reli na madaraja, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika sehemu zile kujenga kwa saruji iliyotiwa vyuma ndani yake. Masomo aliyoyaacha aliyarudia, akapata shahada ya ufundi wa ujenzi, na ya fasihi, na ya sheria. Mchana alikuwa mjenzi, na saa za faragha alikuwa askari.

Basi, jeshi la akiba lilimfundisha nini? Mimi naona mambo matatu.

La kwanza ni kutii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Afisa aliyewahi kusimama mstarini hujua amri isiyo wazi huwatesaje wanaopaswa kuifuata. La pili ni kufundisha. Monash alitoa mafundisho juu ya silaha na baruti, na pamoja na afisa mwenziwe akabuni mzinga wa bandia wa kujifunzia. Sisi walimu twajua kwamba mtu hajui jambo sawasawa mpaka amemfundisha mwingine akaelewa. La tatu ni kupanga. Mjenzi wa daraja hasemi, “Tujaribu tuone.” Hupima uzito, huhesabu vyuma, hupanga kila mtu na saa yake, kwa sababu daraja likianguka watu hufa. Elimu ile ile aliileta jeshini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Monash alikuwa na miaka 49. Alipewa kuongoza Brigedi ya 4, akashuka nayo Gallipoli, katika nchi ya Waturuki, mwezi wa Aprili 1915. Isidhaniwe kwamba mambo yalimwendea vema tangu siku ya kwanza. Mwezi wa Agosti mwaka ule, askari wake walipotea njia usiku katika mabonde na vilima, na mlima walioagizwa kuuteka hawakuupata. Watu wengi walikufa. Miaka thelathini ya mazoezi haikumkinga na huzuni hiyo. Ilimpa nguvu ya kuitazama, na kuuliza ni nini kilichokosekana.

Mwaka 1916 alipewa Divisheni ya 3 ya Australia, na mwaka 1918 akafanywa mkuu wa divisheni zote tano za Australia zilizokuwa Ufaransa. Wako waandishi wa habari mashuhuri waliotaka aondolewe. Hakuwa askari wa kudumu, wazazi wake walitoka upande wa adui, na yeye ni Myahudi. Hakupoteza siku zake kwa kubishana nao, aliwajibu kwa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kijiji cha Hamel, tarehe 4 Julai 1918. Kabla ya siku hiyo aliwakusanya maafisa wake katika baraza lenye mambo 133 ya kujadiliwa, na kila mmoja aliruhusiwa kuuliza na kupinga. Baraza lilipokwisha, mpango haukubadilishwa tena. Askari wa Australia walikuwa hawaviamini vifaru, kwa kuwa mwaka 1917, huko Bullecourt, vifaru viliwaacha peke yao mbele ya adui. Kwa hiyo aliwapeleka wafanye mazoezi pamoja na wenye vifaru, wapande juu yake, wazoeane. Vifaru vinne vilichukua risasi na nyaya na maji, mzigo ambao ungehitaji zaidi ya wapagazi elfu moja kuupeleka chini ya moto wa adui. Risasi nyingine ziliteremshwa na ndege kwa miavuli. Alihesabu kwamba kazi itakwisha kwa dakika 90. Ilikwisha kwa dakika 93.

Ndugu wasikilizaji, hata hivyo zaidi ya watu elfu moja wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa asubuhi ile. Hapana vita iliyo rahisi, na anayewaambieni kuwa iko anawadanganya. Lakini katika vita ile palikuwa na siku nyingi ambazo maelfu walikufa bila kupata hata shamba moja. Monash alishika neno hili, kwamba si haki kumtuma mtu aende kwa kifua chake mahali ambapo mashine ingeweza kumtangulia. Tarehe 8 Agosti mwaka ule divisheni zake zilishiriki katika shambulio kubwa la Amiens, na siku nne baadaye Mfalme George wa Tano alimpa heshima ya Sir huko huko Ufaransa.

Vita ilipokwisha alipewa kazi ya kuwarudisha nyumbani askari kama 160,000. Meli zilikuwa haba, na watu wamechoka kungoja. Akasimamia mpango wa kuwapa masomo na mafunzo ya kazi wakati wa kungoja, ili warudi na ufundi mikononi. Kisha akaongoza shirika la umeme la Victoria, akawa mkubwa wa kazi ya kuchimba makaa ya mawe huko Yallourn na kupeleka umeme mijini na vijijini. Alikufa tarehe 8 Oktoba 1931, na watu kama 250,000 walihudhuria maziko yake. Mwaka 1958 chuo kikuu kilianzishwa kwa jina lake.

Huenda kijana mmoja wa kwetu akasema, “Hayo ni ya Australia, yanatuhusu nini?” Ni kweli kwamba zamani njia hii ilikuwa imefungwa kwa baba zetu. Katika jeshi la K.A.R. Mwafrika aliweza kutumika kwa ushujaa maisha yake yote bila kupewa cheo cha afisa kamili. Mwaka 1956 kiliwekwa cheo cha efendi, nacho kilikuwa daraja ya katikati tu. Mlango ulianza kufunguliwa wakati uhuru ulipokaribia. Leo kuna vyuo vya kufundishia maafisa, kama kile cha Monduli huko Tanzania na kile cha Lanet huko Kenya, na Tanzania ina mgambo, ambao ni jeshi la akiba. Mlango u wazi. Swali ni nani aingie, na kwa nia gani.

Nami nasema hivi. Kwanza, umri uangaliwe. Katika mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, nchi zilizoyakubali ziliahidi kufanya kila ziwezalo ili askari wao walio chini ya miaka 18 wasipigane vitani. Kijana asidanganye umri wake, wala mzazi asimsaidie kudanganya. Pili, ajiulize anapenda nini. Ikiwa ni kofia na vifungo vinavyong’aa, basi avipende akiwa mbali. Ikiwa yuko tayari kuamka usiku, kuamriwa na mtu mdogo kuliko yeye, na kurudia jambo lile lile mara mia, basi ana mwanzo mzuri. Tatu, asiache masomo wala ufundi. Monash hakuwa jemadari licha ya kuwa mjenzi. Ujenzi ndio uliomfanya jemadari wa namna ile.

Nanyi wazazi, mtoto akiwaletea ombi hili, msimkatalie kwa hofu tu, wala msimkubalie kwa ajili ya sifa au mshahara. Mwulizeni: “Wakikupa watu thelathini kesho, utawarudishaje nyumbani?” Akijibu kwa haraka, bado hajawa tayari. Akinyamaza kwanza na kufikiri, mpeni baraka zenu aende akajifunze kutii. Cheo, kama kipo, kitamkuta njiani.

Kwaherini.