Bwawa likiwa zima ni la nani?

Msikilizaji, Jumatano usiku, tarehe 9 Mei 2018, watu wa Solai, kaunti ya Nakuru, walikuwa majumbani mwao, mvua za masika zikiendelea. Juu yao, katika shamba kubwa la mtu binafsi, ukuta wa bwawa la udongo ulikatika. Maji yakateremka na matope na mawe, yakazoa nyumba na waliokuwamo. Waliokufa hawakupungua 47, wakiwemo watoto wengi. Kamati ya Seneti ilipochunguza, ilikuta kwamba mabwawa ya shamba hilo yalijengwa bila vibali.

Bila vibali! Bwawa si kitu cha kufichwa uvunguni. Ukuta wake hujengwa mchana, kwa tingatinga, watu wakiona. Basi nani alipaswa kuuliza?

Katiba ya 2010 ina jibu. Katika Jedwali la Nne, usalama wa mabwawa umetajwa waziwazi na kuwekwa mikononi mwa serikali ya kitaifa. Chini yake iko Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji ya 2016, nayo ndiyo hutoa vibali na kukagua. Kudhibiti majanga, kwa upande mwingine, kumepewa serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti. Kwa hiyo bwawa likiwa zima, ni la Nairobi. Likipasuka, ni la kila mtu, na wa kwanza kuingia matopeni ni majirani, kisha kaunti.

Hapo ndipo mimi naona kosa. Ofisa wa kaunti anayepita njia hiyo kila wiki hana mamlaka ya kumwambia mwenye shamba apunguze maji. Mwenye mamlaka hiyo yuko mbali, na mabwawa aliyopewa ayaangalie ni mengi mno.

Na bwawa la udongo husema kabla halijavunjika. Simama chini ya ukuta wakati wa kiangazi. Ukiona nyasi mahali pamoja ni mbichi kuliko kwingine, maji yanapenya. Yakitoka safi, ni ya kuangaliwa. Yakianza kutoka na rangi ya chai ya maziwa, yanabeba udongo wa ukuta wenyewe kutoka ndani, na hapo watu wahame kwanza, maswali baadaye. Tazama pia mashimo ya fuko, miti iliyoachwa ikaota juu ya ukuta, na njia ya kupitishia maji ya ziada iliyozibwa kwa magunia ili bwawa lijae zaidi. Haya hayahitaji shahada ya uhandisi. Mama anayechota maji hapo huyaona kabla ya mkaguzi yeyote. Lakini akiyaona, ampigie nani?

Mnamo Mei 2024, baada ya mafuriko ya Mai Mahiu, serikali ilitangaza kwamba mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 zilikuwa hatarini, na walio karibu nazo wakapewa saa 24 kuhama. Saa 24, kwa mtu mwenye mbuzi, wazee na watoto wa shule! Ukuta haudhoofiki kwa siku moja. Kama hatari hiyo ilijulikana, ingepaswa kusemwa wakati wa jua.

Ninachoomba hakihitaji Katiba mpya. Mamlaka ya Maji iikabidhi kila kaunti orodha ya mabwawa yake: lipi lina kibali, lilikaguliwa lini, na vijiji gani viko chini yake. Kaunti ipewe uwezo wa kisheria wa kuamuru maji yapunguzwe siku hiyo hiyo, kisha mkaguzi wa kitaifa aje athibitishe. Na orodha hiyo isomwe kwenye baraza la chifu, kwa lugha ya wenyeji, pamoja na nambari moja ya simu inayopokelewa hata saa nane za usiku.

Masika huanza Machi. Orodha isomwe Januari.