Gogo Moja, Nyuso Nyingi

Leo tunarudi Dar es Salaam ya mwishoni mwa miaka ya 1950, mji wa bandari uliojaa watu wa kila asili: Wazaramo, Wamanyema, Wahindi, Waarabu, Wazungu. Humo alikuwamo mchongaji aliyetoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde wa Msumbiji.

Sangwani alichonga bingwa wa mieleka akiwa amebebwa mabegani na wenzake. Wachongaji wengine wakaupenda mtindo huo, wakaugeuza kwa namna yao. Kileleni, mahali pa bingwa, wakamweka mama au mzee wa ukoo; chini yake wakapanga watoto, wajukuu na majirani, huyu akitwanga, yule akipiga ngoma, mwingine amejitwika mtungi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vinyago hivyo vikajulikana kila mahali kwa jina la ujamaa. Wengi leo hudhani vilizaliwa na siasa ya Azimio hilo, kumbe vilikuwa vimeitangulia kwa miaka kadhaa.

Tazama kinyago cha ujamaa kinavyotengenezwa. Mchongaji huchukua gogo la mpingo, akaliambua kwa tezo mpaka amalize tabaka jeupe la nje na kukifikia kiini cheusi. Hapo huingia patasi, kisha tupa, kisha msasa. Gundi haitumiki, wala msumari. Watu wote wanatoka katika gogo lile lile, na bado kila mmoja ana sura yake na kazi yake. Ukimkata mmoja wa chini, walio juu yake wote wanakosa pa kukanyaga.

Waliochonga umoja huo walikuwa wageni. Kwao ni uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, ambako utawala wa Kireno uliwatoza kodi na kuwatia katika kazi za shuruti. Wengi walivuka Ruvuma kutafuta vibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda. Mwaka 1964 vita vya ukombozi vikaanza, na wakimbizi wakaongezeka. Huku walikofikia, wapo waliowacheka kwa chale zao za usoni na ndonya za midomoni mwa mama zao. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Wamakonde walicheza ugenini.

Mlango mmoja ulifunguliwa na Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Kihindi wa Dar es Salaam aliyenunua kazi zao na kuwahimiza wachonge wanayoyawaza. Miongoni mwa waliofanya kazi naye ni Samaki Likankoa, aliyeanzisha vinyago vya shetani mwaka 1959. Mpingo wa porini, mkono wa Mmakonde, duka la Mhindi na fedha za mgeni kutoka Ulaya vilikutana katika kinyago kimoja.

Lakini msikilizaji, kupenda kinyago ni rahisi kuliko kumheshimu mwenye kinyago. Nchini Kenya, Wamakonde waliokwenda Kwale tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa walizaa na kuzeeka huko bila uraia. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti benki, wala hapati hati ya kiwanja. Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Mwaka uliofuata walipewa, wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Kufikia wakati huo, sanaa ya Kimakonde ilikuwa imekaa miongo mingi katika makumbusho na sebule za Ulaya.

Basi ukipita soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, usiulize bei peke yake. Uliza nani amekichonga, na ametoka wapi. Vinyago vingi huuzwa bila jina la fundi, na umoja unaochongwa na watu wasiotajwa majina una deni la kulipa.