Kromosomu za Samaki wa Antaktika: Je, Baridi Pekee Ndiyo Chanzo?



Samaki wengi wenye mifupa duniani wana kromosomu 48 au 50 katika kila seli ya mwili. Hesabu hiyo imedumu kwa mamilioni ya miaka, mitoni, maziwani na baharini, hata mtaalamu anayemchunguza samaki kwa mara ya kwanza huanza kazi akitarajia idadi iliyo karibu na hiyo. Katika bahari inayozunguka Bara la Antaktika matarajio hayo huvunjika. Notothenia coriiceps ana kromosomu 22. Trematomus eulepidotus ana 24. Trematomus bernacchii, wa jenasi hiyo hiyo ya pili, ana 48, na jike wa Trematomus nicolai ana 58. Ndani ya jenasi moja, samaki wanaofanana kwa umbo na wanaoishi bahari moja, idadi inatoka 24 hadi 58.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba baridi ndiyo iliyofanya hivyo. Nimekuja kupinga jibu hilo, kwa sababu limeingia katika madarasa yetu bila kupimwa.

Tuwafahamu kwanza samaki wenyewe. Wako katika kundi la Notothenioidei, lenye spishi zaidi ya 100, na ndio sehemu kubwa ya samaki wote wanaoishi kwenye sakafu ya bahari karibu na bara hilo. Maji yao hushuka hadi nyuzi 1.9 chini ya sifuri, kiwango ambacho hata maji ya bahari huanza kuganda. Damu ya samaki wa kawaida wa baharini huganda mapema zaidi, kwenye nyuzi 0.7 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo samaki wetu wa pwani akitupwa kule angekufa akiwa ameganda. Katika miaka ya 1960 Arthur DeVries, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha McMurdo huko Antaktika, aligundua kinachowaokoa: protini zenye sukari ambazo hushikamana na chembe ndogo za barafu zinazoingia mwilini na kuzizuia kukua. Mwaka 1997 DeVries pamoja na Liangbiao Chen na Chi-Hing Cheng walionyesha kwamba jeni ya protini hizo ilitokana na jeni ya kimeng'enya cha kusaga chakula. Upande wa pili wa dunia, samaki wa Aktiki aitwaye Boreogadus saida, wa ukoo mwingine kabisa, ana protini zinazokaribia kufanana na hizo, naye alizipata kwa njia yake mwenyewe.

Ndani ya Notothenioidei kuna familia ya Channichthyidae, samaki-barafu, ambao damu yao haina himoglobini. Johan Ruud alithibitisha jambo hilo mwaka 1954. Oksijeni yao husafiri ikiwa imeyeyuka tu katika maji ya damu, na moyo wao ni mkubwa ili kusukuma damu nyingi zaidi. Nawaomba muwakumbuke samaki hawa, maana hoja yangu kuu inawategemea.

Namna kromosomu zinavyopatikana

Kromosomu huonekana vizuri pale tu seli inapokuwa katika kugawanyika. Kwa hiyo samaki lazima awe hai. Hudungwa kolchisini, dawa inayoizuia seli isimalize kugawanyika, kisha huchukuliwa sehemu ya mbele ya figo na wengu, ambako seli za damu huzaliwa. Seli hizo huvimbishwa katika maji yenye chumvi kidogo, hukazwa kwa mchanganyiko wa methanoli sehemu 3 na asidi ya asetiki sehemu 1, hudondoshwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, ile ile ambayo wataalamu wa maabara zetu hutumia kutafuta vimelea vya malaria. Katika maji yanayokaribia kuganda seli hugawanyika polepole, hivyo zile zinazofaa kuhesabiwa huwa chache, na samaki hulazimika kutunzwa katika matangi baridi melini au kituoni. Nawaheshimu sana Catherine Ozouf-Costaz wa Ufaransa na Eva Pisano wa Italia, ambao kwa miongo kadhaa walijenga ujuzi huu spishi baada ya spishi. Bila vioo vyao tusingekuwa na mada ya kujadili leo.

Hesabu peke yake hupotosha

Mzee wa kundi hili, kwa ushahidi tulio nao, alikuwa na kromosomu 48, kila moja ikiwa na mkono mmoja tu unaoonekana. Badiliko lililotokea mara nyingi zaidi ni muungano: kromosomu mbili zenye mkono mmoja zinakutana kwenye sentromia, yaani kiungo cha mikono ya kromosomu, na kuwa moja yenye mikono miwili. Juzuu mbili zikishonwa katika jalada moja, idadi ya vitabu hupungua lakini kurasa ni zile zile. Ndiyo maana T. eulepidotus mwenye kromosomu 24 bado ana mikono 48. Kila jozi ya zamani imepata mwenzake, na hakuna iliyobaki peke yake.

N. coriiceps anatudai zaidi. Mzee alikuwa na jozi 24, yeye ana 11. Kama kila jozi mpya ingetokana na jozi mbili za zamani, 11 zingebeba 22 tu, na mbili zingekosa mahali. Hesabu hii ya darasani inatosha kutuonyesha kwamba baadhi ya kromosomu zake zimebeba tatu za zamani au zaidi, kwa hiyo muungano wa sentromia kwa sentromia haukuwa njia pekee. Jenomu ya samaki huyu ilichapishwa mwaka 2014, na mwaka 2017 kundi la John Postlethwait wa Chuo Kikuu cha Oregon lilichora ramani iliyozilinganisha kromosomu zake kubwa na zile za mzee. T. nicolai mwenye 58 alielekea upande wa pili, ambako njia rahisi ya kueleza ongezeko ni kromosomu kukatika.

Jinsia nayo imeguswa. Dume wa samaki-barafu Chionodraco hamatus ana kromosomu 47, jike ana 48. Kromosomu Y iliungana na kromosomu nyingine ya kawaida. Mwenzake yule wa kawaida ambaye hakuungana akabaki akifanya kazi kama X ya pili. Dume ana X1, X2 na Y. Jike ana X1 mbili na X2 mbili. Mpangilio wa aina hiyo umeonekana pia kwa Trematomus borchgrevinki, dume 45 na jike 46, na kwa T. nicolai, dume 57 na jike 58. Mwanafunzi anayehesabu bila kuangalia jinsia anaweza kuripoti spishi mbili mahali palipo na moja.

Kwa nini si baridi tu

Kama baridi ndiyo inayovuruga kromosomu, waliobadilika zaidi kwa ajili ya baridi wangepaswa kuvurugika zaidi. Samaki-barafu waliofika mahali pa kuishi bila himoglobini wamebaki karibu sana na 48. Dissostichus mawsoni, samaki mkubwa anayevuliwa kibiashara katika Bahari ya Ross, ana 48, na Pleuragramma antarctica vilevile. Wote wanaogelea katika maji yale yale ya T. eulepidotus. Kigezo cha nyuzijoto hakiwatenganishi.

Ninaona maelezo yenye nguvu zaidi katika mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni vipande vya DNA vinavyojinakili na kuhamia sehemu nyingine za jenomu, yaani transposoni. Mwaka 2018 Juliette Auvinet na wenzake walionyesha kwamba katika Trematomus aina moja ya vipande hivyo, DIRS1, imejazana kwenye sentromia na kandokando yake, mahali hasa ambapo muungano hutokea. Vipande vinavyofanana vikikaa sehemu moja ya kromosomu tofauti, seli inaporekebisha DNA iliyokatika inaweza kuunganisha visivyohusiana. Mwaka 2020 wakaonyesha kwamba miungano katika jenasi hiyo ilitokea mara nyingi, kila tawi kwa wakati wake. Uchunguzi wa jenomu 24 za kundi zima, uliochapishwa mwaka 2023, ulikuta transposoni ndizo zilizozivimbisha jenomu hizo, na ukaweka mwanzo wa kutawanyika kwa spishi za Antaktika kwenye miaka milioni 10.7 iliyopita.

La pili ni historia ya sakafu ya bahari. Muungano mpya una gharama: samaki mwenye kromosomu moja iliyoungana na mbili ambazo hazijaungana hupata shida zinapopangwa katika mayai au mbegu, na uzazi wake hupungua. Katika kundi kubwa badiliko kama hilo hufifia na kupotea. Lakini barafu ya Antaktika imesonga mbele na kurudi nyuma mara nyingi, ikikwangua sakafu na kuwabana samaki katika vifuko vidogo vilivyotengana. Katika kundi dogo, bahati peke yake inaweza kulifanya badiliko hilo kuwa la wote. Baridi basi ina nafasi yake, kwa kuwa ndiyo iliyoleta barafu, na pengine mkazo wake uliziamsha transposoni. Ila ilifanya kazi kwa kupitia mgawanyiko wa makazi na ukubwa wa makundi, na hapo ndipo mwalimu anapopaswa kumpeleka mwanafunzi.

Ziwa letu linathibitisha upande wa pili wa hoja hii. Furu wa Ziwa Victoria walizaa spishi zipatazo 500 katika muda wa miaka 15,000 hivi, na furu waliochunguzwa wana kromosomu 44 au karibu na hapo, kama sato. Spishi zinaweza kuongezeka kwa kasi kubwa bila idadi ya kromosomu kutikisika. Kwa hiyo hata Antaktika hatuna ruhusa ya kusema kwamba kila muungano ulizaa spishi. Baadhi ya miungano huenda ilifuata tu baada ya samaki kutengana.

Ombi langu ni kwa wakuu wa idara za zoolojia na za sayansi ya samaki waliomo humu. DNA hupatikana hata kwenye kipande kilichohifadhiwa katika alkoholi, lakini kioo cha kromosomu hakitengenezwi bila samaki hai. Furu wengi walishatoweka miaka ya 1980 baada ya sangara kuongezeka, na hakuna atakayehesabu kromosomu zao tena. Kolchisini, methanoli, asidi ya asetiki, Giemsa na hadubini nzuri havizidi uwezo wa maabara ya chuo kikuu. Wapeni wanafunzi wa shahada ya kwanza kazi ya kutengeneza vioo vya sato na furu waliobaki, wahesabu dume na jike kando kando, waandike idadi ya mikono pamoja na idadi ya kromosomu, na vioo hivyo vitunzwe.