Ufagio Usiwe Adhabu



Katika mitaa yetu ya Eastlands, ufagio umekuwa adhabu. Mwanafunzi achelewaye hufyekeshwa nyasi. Aokotaye taka kwa hiari huulizwa amekosa nini. Sisi wazazi twaujua mzizi: Sheria ya Machifu, urithi wa ukoloni, iliwapa machifu uwezo wa kuwashurutisha wananchi kufanya kazi, na makali yake hayakupunguzwa hadi mwaka 1997.

Mathare ilikwisha kutuonyesha njia nyingine. MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa huko mwaka 1987, kiliunganisha kandanda na usafi: timu izoayo taka mtaani huongezewa pointi katika ligi. (Wapo wasemao pointi ni ujira. Na iwe hivyo, maadamu mtaro umezibuliwa.)

Twawaomba walimu watenge Jumamosi moja kila mwezi, na wanafunzi wachague kazi wenyewe: mitaro ya Huruma, wagonjwa wa Kayole, au kuwasomesha wadogo zao Kariobangi. Atakayekataa asiadhibiwe, wala jina lake lisiandikwe popote. Nasi wazazi tutangulie, majembe begani.