Neno la Katekista wa Sitalike juu ya Kumlaki Mkimbiaji



Mmenitaka niwaeleze jambo moja la nyumbani kwetu Sitalike. Nitawaeleza habari za kumlaki mkimbiaji, maana mwaka 1991 jambo hilo lilikaribia kutugombanisha kijiji kizima.

Wakati ule Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi uliundwa baadaye, mwaka 2012. Kaka yangu alikuwa amewashinda wenziwe wote huko Mpanda, akapelekwa Sumbawanga kukimbia katika michezo ya mkoa. Siku ya kurudi kwake watu wakakata matawi, wakaleta ngoma, wakangoja karibu na daraja la mto Katuma, viboko wakikoroma majini. Hata lori likatokea porini. Mwalimu akashuka wa kwanza, akasema polepole kwamba mtoto alianguka katika kukimbia, naye amefika wa mwisho.

Ngoma ikanyamaza. Wengine wakatupa matawi yao, na mzee mmoja akauliza, "Sasa tumchezee nani?" Kaka yangu hakutaka kushuka, alijifunika uso kwa shuka.

Ndipo baba, mtu asiyezoea kusema mbele za watu, akawakumbusha habari za John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico, alianguka, goti na bega vikaumia. Mamo Wolde, Mhabeshi, ndiye aliyeshinda. Akhwari akaingia kiwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limekwisha kuingia, mguu umefungwa kitambaa, naye ni wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, bali kuzimaliza. Mwaka 1983 akapewa nishani ya taifa.

"Je," baba akasema, "nishani hiyo ilikuwa ya nini?"

Hakuna aliyejibu. Mama akapiga kigelegele, kwanza peke yake (nami nasema kigelegele cha mtu mmoja ni kitu kigumu kukisikiliza), kisha akina mama wengine wakamfuata, na ngoma ikarudi. Tukamsindikiza kaka mpaka nyumbani. Si wote waliokuja. Yule mzee alikwenda zake.

Mwezi wa Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda mbio ndefu za dunia huko Tokyo, akimtangulia Mjerumani kwa sehemu 3 tu katika 100 za sekunde, Mtanzania wa kwanza kupata dhahabu katika mashindano hayo. Nikaenda mbio kumpasha kaka yangu habari. Akafurahi sana. Kisha akaniuliza, "Na yule wa mwisho, amefika?"