BOTI YETU YA FAIBA: TUIGONGE NYUNDO KABLA YA KUIUZA

(Mazungumzo ya Kamati ya Vyombo mbele ya mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya waliokuwa baharini siku ile.)



Maneno yamekuwa mengi juu ya ile boti ya faiba iliyolala chini ya mwembe. Wako wanaosema imekufa, iuzwe kwa yeyote atakayeitaka. Wako wanaosema faiba haifi, itiwe mashine kesho iende. Sisi wa Kamati tunaona pande zote mbili zinasema kabla ya kukagua. Na jambo lenyewe si dogo. Ndicho chombo pekee cha ushirika kinachoweza kumvusha mgonjwa upesi usiku, upepo ukiwa umekufa na tanga halina kazi.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Boti hii haikuundwa kwa uvuvi. Iliundwa kwa mchezo: mtu anasimama juu ya mbao mbili, anashika kamba, boti inamvuta juu ya maji. Aliyeanzisha mchezo huo ni kijana wa Kimarekani, Ralph Samuelson, mwaka 1922, katika ziwa Pepin huko Minnesota. Ile pete ya chuma iliyoko tezi, ambayo watoto wetu wanafungia mbuzi, ndiyo ya kufungia kamba. Chombo cha namna hii kina tumbo la karibu bapa na ubavu mfupi, kinapenda maji matulivu. Kwa hiyo hata ikipona, boti hii ni ya ndani ya hori, na kuvuka wakati bahari ni shwari. Nje ya mwamba wakati wa kusi haiendi, na asitokee mtu wa kutuambia eti mashine ina nguvu. Nguvu ya mashine haiongezi kimo cha ubavu.

Sasa faiba yenyewe. Ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini, tabaka juu ya tabaka, na nje kuna ganda gumu la rangi linalong'aa. Haiozi, wala wale wadudu wanaotoboa mashua zetu za mbao hawaiwezi. Hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu ndani yake mna mbao zilizofichwa. Tezi inayobeba mashine ni plaiwudi iliyofunikwa faiba mbele na nyuma, na chini ya sakafu zimelala mbao ndefu zinazoipa boti uti wa mgongo. Maji yanapenya kwenye tundu la skrubu moja iliyolegea, hayana pa kutokea, ubao unaoza gizani miaka na miaka huku nje panang'aa kama sahani. Siku moja mashine inang'oka na kipande cha tezi, na watu wako katikati ya maji na mgonjwa wao.

Ndiyo maana tulikuja na nyundo. Mmesikia wenyewe sasa hivi. Upande wa kushoto wa tezi umelia "ko, ko", mlio mkavu. Upande wa kulia umejibu "dufu", kama papai lililoiva kupita kiasi. Tukatoboa tundu dogo kwa ndani, mkaona unga uliotoka: wa kahawia, umelowa, unanuka. Ubao mzima hutoa unga mkavu. Na vijana walipoushika mguu wa mashine wakaupandisha na kuushusha, tezi ilicheza. Basi hiyo haiendi baharini, tusibishane.

Uzito nao. Mnashangaa mbona haibebeki? Chini ya sakafu mlijazwa sponji ili boti isizame. Sponji ya zamani hunywa maji polepole, na lita moja ya maji ni kilo moja. Itabidi sakafu ikatwe, sponji yote itolewe, na mbao za chini zigongwe vilevile. Nafasi yake tutaweka madumu matupu yaliyofungwa barabara na kufungwa kamba yasihame, tukiacha njia ya maji kukimbilia tezi.

Je, inatengenezeka? Kamati inasema ndiyo, maana ganda lenyewe ni zima na nene. Tezi itakatwa kwa ndani, ubao mbovu uchimbwe wote. Asibakize mtu hata kipande kwa huruma, kwa kuwa uozo unaendelea palepale. Halafu tungoje pakauke kabisa. Hapa ndipo penye haraka yetu mbaya: faiba ikipigwa juu ya ubao wenye unyevu hubanduka, na fedha ya ushirika imekwenda. Wiki kadhaa za jua zisitukere.

Kwa tezi tununue epoksi, ingawa ni ghali kuliko rezini ya kawaida, kwa sababu inanata vizuri zaidi juu ya mbao na faiba ya zamani. Itumike na kitambaa cha faiba kilichofumwa, si ule mkeka wa nyuzi zilizotawanywa, ambao gundi yake imekusudiwa kuyeyuka katika rezini ya kawaida. Epoksi hupimwa kama kopo linavyosema. Ukiongeza dawa ukidhani itakauka upesi, itabaki laini daima. Rezini ya kawaida, tutakayozibia mikwaruzo ya ubavuni, ndiyo yenye nafasi kidogo: kilo moja huchukua gramu 10 hadi 20 za dawa ya kukausha, na kwa joto letu tuanzie chini. Zote mbili zichanganywe kidogo kidogo. Mchanganyiko mwingi ndani ya kopo hujichemsha wenyewe hadi utoe moshi.

Palipopasuka ubavuni, msipake juu kama chokaa. Kingo zisagwe zitelemke kwa upana wa mara 12 ya unene: faiba ya milimita 5, telemka milimita 60 kila upande. Ndipo kiraka kinashika.

Hatari tuzitaje waziwazi. Dawa ya kukausha rezini ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Osha hapohapo kwa maji mengi, dakika zisizopungua 15, kisha hospitali. Isichanganywe moja kwa moja na ile dawa nyingine ya kuharakisha, zitalipuka. Vumbi la faiba ni kioo: barakoa, mikono mirefu, na watoto wakae mbali. Tunajua watakuja, basi kila mama amzuie wake. Mabaki yasichomwe moto, moshi wake ni sumu.

Malengelenge mliyoyaona chini ya tumbo si ugonjwa wa kuua. Maji yamepenya ganda la nje, na ukilitoboa moja linatoa majimaji yenye harufu ya siki. Yatapasuliwa, yaoshwe kwa maji baridi, yakauke, yazibwe.

Mashine isafishwe kwa maji baridi kila inaporudi, na mafuta ya gia yatazamwe: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia.

Mahali pa kulala, boti ikae chini ya paa la makuti, tumbo limeegemezwa urefu wote, omo juu, tundu la tezi wazi mvua itoke. Isivikwe nailoni, inafungia unyevu.

Basi tunaomba mkutano ukubali mambo mawili: isiuzwe mpaka sakafu ikatwe na mbao za chini zionekane, na fedha ya kwanza iende kwenye tezi, si kwenye rangi. Mbao za chini zikikutwa zimeoza zote, tutarudi hapa kuwaambia, na hapo habari ya kuuza izungumzwe.

Kazi ya kukata inaanza Jumamosi asubuhi. Mwenye msumeno wa meno madogo aje nao. Kizibo cha tundu la tezi anacho mtunza ghala, kimefungwa kwenye ufunguo wa mashine ili mtu asichukue kimoja bila kingine.

Kamati ya Vyombo