Springi za Kuongezea kwenye Pikapu Iliyoshushwa, na Vali Tunayoisahau

Mada kwa semina ya mafundi wa gereji na wakufunzi wa ufundi wa magari



Niliombwa nianze na maana ya springi. Humu hakuna asiyeijua. Pikapu iliyoshushwa nayo mnaijua: kama springi zimekaa juu ya ekseli, ekseli inahamishiwa juu yake; kama ekseli tayari iko juu, kipande cha chuma kinawekwa katikati. Jumapili mwenye gari anapendeza mjini. Jumatatu anataka kupakia saruji.

Springi za kuongezea ziko za aina tatu. Jani la ziada ni rahisi, ila linakaza muda wote na kuinua gari tupu, yaani linaharibu kazi ambayo mteja ameilipia. Mpira mgumu unaokaa mahali pa mpira wa kugotea ni imara, lakini gari ikishushwa nafasi inayobaki kati ya ekseli na chesisi ni ndogo, hivyo unagusa hata bila mzigo na abiria anaruka kama yuko juu ya punda. Napendekeza mfuko wa hewa, ule mfupi, kila upande na bomba lake ili hewa isikimbilie upande wa pili kwenye kona. Usiachwe mtupu, mingi hutaka angalau 5 psi, la sivyo mpira unajikunja na kuchanika.

Hayo yanatosha. Nilikubali kuja kwa sababu nyingine.

Chini ya pikapu nyingi, baadhi ya Hilux zikiwemo, kuna vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Ekseli ikisogelea chesisi, vali inaamini kuna mzigo na kuruhusu presha zaidi breki za nyuma. Ikiwa mbali, inaamini gari ni tupu na kuibana presha. Shusha gari bila kugusa fimbo, vali itaona mzigo usiokuwepo. Siku ya mvua magurudumu ya nyuma yanajifunga na mkia unatangulia. Fundi mwingine anarekebisha fimbo vizuri gari ikiwa tupu, kisha anafunga mfuko. Mzigo ukipanda, anajaza hewa mpaka gari irudi kimo chake. Vali haioni mzigo wowote. Breki za mbele zinafanya karibu kazi yote.

Tuliwahi kuletewa pikapu ambayo pedi za mbele zilikuwa zimebadilishwa mara tatu kwa muda mfupi. Ilikuwa ikibeba mifuko 20 ya saruji, kilo 1,000. Nililala chini na tochi. Fimbo ilikuwa imekatwa, na kipande kilichobaki kimefungwa kwa waya wa nondo. Nilipouliza, nikaambiwa ilikuwa inapiga kelele.

Nimelisema hili la vali katika vikao vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Fomu ya ukaguzi tunayoitumia ina mstari wa taa, wa honi, wa mikanda; wa vali hii hakuna. Niliandika barua kuhusu hilo, nikajibiwa kwamba imepokelewa. Nasisitiza kuwa haya ni maoni yangu, si msimamo wa chuo chetu.

Napendekeza, kwanza, fundi asiguse springi kabla ya kupima kwa rula umbali wa ekseli na chesisi na kuuandika kwa rangi kwenye chesisi. Napendekeza fimbo isikatwe. Mabano yake yasogezwe kulingana na kimo kipya, na irekebishwe upya kila mfuko au jani linapoongezwa. Napendekeza mteja aambiwe kinaganaga kwamba mfuko wa hewa unainua kimo tu. Hauongezi uwezo wa ekseli, wala beringi, wala tairi. Tairi yenye namba 91 inabeba kilo 615, hivyo mbili za nyuma ni kilo 1,230, na uzito wa gari lenyewe umo humo. Narudia, fimbo isikatwe. Fomu iongezwe mstari mmoja, na wakufunzi wasifundishe springi somo la Jumatatu na breki somo la Alhamisi kana kwamba ni magari mawili.

Mwisho, vali irekebishwe kwa geji mbili za presha, moja breki za mbele na moja za nyuma, si kwa kubahatisha kwa mguu. Karakana yetu ina moja. Ya pili tumeiomba.